Dawa ya Tumbo la Chui

Ngano yangu iko mlangoni.
— Ifungulie iingie.
Ikiingia itawacheka walafi.
— Iwacheke, nasi tusikie.

Basi palikuwa na Chui mmoja, mwenye nguvu na mwenye uchu. Akimkamata mbuzi, alimla na kwato zake. Akimkamata kanga, alimla na manyoya yake. Hakumgawia mtu hata mfupa. Mwishowe tumbo likamchoka. Leo linafunga, kesho linaachia, keshokutwa linajaa upepo kama ngoma. Na kila aliponyemelea mnyama, tumbo lilitangulia kusema: gurugurugu, prrr.

Swala akasikia, akaondoka. Ngiri akasikia, akaondoka. Pimbi wa majabalini wakasikia, wakaingia kwenye nyufa zao. Msitu mzima ukaishi kwa amani kwa sababu ya tumbo la mtu mmoja.

Siku moja Mama Pimbi alikuwa akichuma majani ya mpera, maana yeye ndiye aliyetibu matumbo ya majirani. Upepo ulivuma vibaya, hakusikia kitu. Mara, tap, kucha za Chui zikatua mgongoni mwake.

"Shikamoo, mzee," akasema Mama Pimbi, uso ukiwa mchangani.

"Marahaba. Nasikia unajua dawa za tumbo."

"Najua za watu wadogo."

"Nitibu mimi. Kesho nisipopata nafuu, naanza na watoto wako, namalizia na wewe."

Mama Pimbi dawa aliijua vizuri: majani ya mpera na tangawizi, siku saba, tumbo linatulia kimya. Lakini tumbo likinyamaza, nani atawaonya watoto wake? Asipomtibu, wataliwa kesho. Akimtibu, wataliwa wiki ijayo.

"Choo chako kikoje?" akauliza, ili apate muda wa kufikiri.

"Usiniulize mambo ya aibu."

"Basi nitakisia. Nikikosea, tumbo ni lako."

Chui akatazama pembeni. "Asubuhi kama mawe. Jioni kama uji."

"Uji mzito au mwepesi?"

"Mwepesi," akanong'ona Chui.

Hapo Mama Pimbi akawa amekwisha kupata wazo. Akateleka chungu. Akatia tangawizi kidogo, maumivu yaondoke. Kisha akatia kunde, akatia ukwaju, akatia viazi vitamu vibichi, akatia na mbegu za papai. Koroga, koroga, koroga.

"Utakunywa asubuhi na jioni," akasema. "Ukisikia tumbo linanguruma, ujue dawa inafanya kazi, inasafisha. Likinyamaza, hapo ndipo uogope. Uje haraka nikuongezee."

"Na likinguruma sana?"

"Ndiyo umepona sana."

Chui akanywa chungu kizima kwa mkupuo mmoja, maana hata dawa aliifanyia ulafi. Maumivu yakaondoka. Halafu gurugurugu, brrrum, puuu. Mawe yakatetemeka. Ng'ambo ya mto swala akasikia, akaondoka. Ngiri akasikia, akaondoka. Hata kanga aliyekuwa akiatamia akasikia, akaacha mayai.

"Unasikia, mama?" akasema Chui kwa furaha. "Inafanya kazi."

"Nasikia, mzee," akajibu Mama Pimbi, ameziba pua. "Hata huku imenifikia."

Tangu siku hiyo Chui alikunywa dawa asubuhi na jioni, wala hakukamata hata panzi. Akakonda, mbavu zikahesabika. Alipoulizwa, alisema dawa imemtoa mafuta mabaya, sasa anajisikia mwepesi. Watoto wa Mama Pimbi wakacheza juani juu ya jabali. Wakisikia brrrum mbali, walimalizia mchezo kwanza, ndipo wakaingia ndani.

Asubuhi moja Chui akaja tena. Nyuma yake walisimama Fisi na Simba, kila mmoja ameshika tumbo, anatazama chini.

"Mama," akasema Chui, "hawa ni jamaa zangu. Wana shida ileile, ila wanaona haya kusema. Wape kama uliyonipa mimi."

Mama Pimbi akawatazama mmoja mmoja. Kisha akawaita watoto wake.

"Leteni chungu kikubwa."

Ngano yangu imeshuka jabali, imekwenda zake.
— Iende salama. Na fundisho lake?
Fundisho lake ni hili: mwamini anayekutibu, maliza dawa yote, wala usiulize kilichomo chunguni.