Mwamba Usiorudisha

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa mwamba!

Mwamba wa nani?

— Sema wewe, mdomo ni wako!

Haya, nasema. Na wewe kijana, weka hiyo simu chini. Najua una pochi humo, ya sarafu zisizoshikika, na anwani yake ni ndefu kama utumbo wa ng'ombe. Msidhani mmeanza ninyi. Wanyama walikuwa na pochi zamani, tena zao zilileta chakula.

Hapo kale, katikati ya nyika, palikuwa na Mwamba wenye mdomo. Kila mnyama alikuwa na shimo la akiba kwake, akaliita pochi. Ukitaka kumpelekea mwenzio chakula, unakwenda mwambani, unataja anwani ya pochi yake, unamimina. Chakula kinapita chini kwa chini, sererere! kinatokea kwake. Akisema, "Kimefika," sauti yake unaisikia mle mle mdomoni mwa Mwamba.

Lakini anwani zenyewe sasa! Nda-ka-tu-pi-sa-nge-la-mo-tu-pi-ka-nda-sa. Hiyo ni ya Swala, na nimeikatisha. Ukikosea kidogo tu, chakula kinakwenda kwingine, na Mwamba haurudishi. Ngedere alimpelekea mama mkwe kunde, akasema pu mahali pa pi. Aliyezila kunde zile hajulikani mpaka leo, na mama mkwe hajamsamehe.

Nungunungu, mlinzi wa Mwamba, akachoka na vilio. Akatangaza: "Kuanzia kesho, basi! Kila mmoja aseme jina lake ndani ya pochi yake: 'Swala ni mimi.' 'Ngiri ni mimi.' Mwamba utalishika. Atakayetaja jina hilo, chakula kitakwenda kwa mwenye kulishika. Na asiyelitaka tena, aseme, 'Si mimi.'"

Wanyama wakashangilia. Wakacheza ngoma usiku kucha, na kulipokucha hakuna hata mmoja aliyeikumbuka anwani yake ndefu. Ya nini kukumbuka mateso?

Fisi hakucheza. Ukungu ungalipo, aliinama kwenye pochi yake akasema: "Swala ni mimi. Ngiri ni mimi. Kanga ni mimi. Ngedere ni mimi." Na kila mara Mwamba ukajibu, "Nimelishika." Akataja wote, wakubwa kwa wadogo. Mwisho akasema, "Fisi ni mimi," akalala akisubiri kulishwa.

Sasa, Pimbi. Mnamjua Pimbi, yule mdogo wa majabalini, asiyefika hata goti la Fisi. Alikuwa na dada aitwaye Mashavu, aliyeolewa ng'ambo ya nyika. Mwaka ule nyika iliungua yote. Halikubaki jani la kujificha, na tai walizunguka juu tangu asubuhi; pimbi wa kuvuka nyika asingefika. Na Mashavu alikuwa ametoka kujifungua, pochi yake tupu.

Pimbi akabeba kibuyu chake cha mwisho cha mtama hadi mwambani. Akamimina nusu. "Kwa Mashavu!" Sererere! Akatega sikio.

Mwamba ukacheka kwa sauti ya Fisi. "Kwa-kwa-kwa! Ahsante, kaka Pimbi! Mashavu ni mimi!"

Kisha Pimbi akasikia sauti nyingine, nyembamba, ya mbali: "Mashavu ni mimi." Hiyo ilikuwa ya dada yake. Mwamba ukajibu, "Limeshikwa." Sauti ikarudia, "Mashavu ni mimi." Mwamba ukajibu, "Limeshikwa." Pimbi akalia.

"Nungunungu, fanya kitu!"

"Nifanye nini? Aliyewahi kawahi. Mwenye kulishika ndiye wa kulikana."

"Basi nitajie anwani yake ya zamani!"

"Mwenyewe haikumbuki, nitaikumbuka mimi?"

Pimbi akaficha mtama uliobaki chini ya jiwe palepale mwambani, akachukua kibuyu kitupu, akaenda pangoni kwa Fisi, hapo jirani.

"Shikamoo, Bwana Fisi."

"Marahaba. Umeniletea nusu iliyobaki?"

"Dada yangu ana wachanga, bwana. Nirudishie jina moja tu."

"Jina halirudi," Fisi akasema, akasogea. Meno yakaonekana yote. "Na ukiendelea kusimama hapo, nawe hutarudi."

Pimbi alitaka kukimbia. Lakini aliinamisha macho kwa hofu, na chini, kando ya mguu wake, akaona siafu wanapita, msafara mweusi usio na mwisho.

"Sikuja kugombana," akasema. "Tumeshindwa. Leo tunakuletea nyama."

"Nyama?"

"Nyama inayotembea yenyewe. Hutafuni wala hufukuzi. Ingiza kichwa chote kwenye pochi, fumba macho, fungua kinywa."

Shahidi ni Mungu, Pimbi hakusema uongo hata neno moja.

Fisi akaingiza kichwa, akasukuma mpaka masikio yakapita na kukunjika. Pimbi akaokota panzi aliyeungua, akamtia ndani ya kibuyu, siafu wakaingia kumfuata, akaziba, akakimbia mwambani. Sauti ile nyembamba bado ilikuwepo, lakini sasa ilisema "Mashavu" tu, ikakatika kabla ya kumaliza.

"Kwa Swala!" Sererere!

"Mh," Mwamba ukasema kwa sauti ya Fisi. "Wanatembea kweli."

"Kwa Ngiri!" Sererere! "Kwa Kanga!" Sererere!

"Yalaaa! Ulimi wangu! Pua yangu! Kichwa hakitoki! Warudishe!"

"Mwamba haurudishi, bwana. Na kibuyu bado kizito. Jina utakalolikana, siafu wake hawaji tena. Wewe ni Mashavu?"

"Si mimi!"

"Wewe ni Swala?"

"Si mimi!"

"Wewe ni Ngiri? Kanga? Ngedere? Pimbi?"

"Si mimi! Si mimi! Si mimi! Si mimi!"

Pimbi akawataja wote, wakubwa kwa wadogo, na Fisi akawakana wote. "Limebaki moja. Wewe ni Fisi?"

"Si mimiii!"

Pimbi akatupa kibuyu, akatega sikio. Hakuna sauti nyembamba. Akapiga Mwamba kwa ngumi. "Dada! Sema tena! Mara moja tu, dada yangu!"

Akabandika sikio kwenye mdomo wa Mwamba.

"Mashavu... ni mimi."

"Nimelishika," Mwamba ukasema.

Pimbi akaufukua mtama wake chini ya jiwe, akaumimina wote. "Kwa Mashavu!" Sererere! Akangoja. Akangoja tena.

"Kimefika, kaka."

Hapo ndipo Pimbi alipopumua. Akaingia kwake, maana kwake ni palepale majabalini, akainama kwenye pochi yake akasema taratibu: "Fisi ni mimi."

"Nimelishika."

Ndiyo maana kila usiku mnamsikia Fisi akilia, uuu-wiii! uuu-wiii! Jina hana tena, anajaribu kuikumbuka ile anwani ndefu. Na akicheka, ujue amedhani kaipata. Hajaipata.

Funzo ni hili, watoto: jina la mwenzio usiliibe, ni dhambi kubwa. Mwenye shaka akamwulize Pimbi. Mwite tu Fisi, ataitika.

Nami hadithi nimeimimina. Imefika?

— Imefika!

Basi hairudi.