Kisiki cha Tulinagwe

Hapo zamani, kabla bati la kwanza halijapanda mlimani, palikuwa na kijiji kikiitwa Isyukilo, juu kabisa, mahali ambapo mwezi wa sita ukiamka asubuhi unakuta umande umeganda kwenye majani kama chumvi. Ninyi mnaokaa mabondeni mkiongeza shuka la pili mnasema kuna baridi. Nyamazeni, mnisikilize. Kule mtu akicheka nje asubuhi, meno yanamuuma mpaka saa sita, na kipupwe kikishaingia hakitoki mpaka miezi mitatu iishe.

Watu wa Isyukilo walijenga kwa namna yao. Hawakuanza kwa kutafuta kiwanja, walianza kwa kutafuta kisiki. Mti ukishakatwa na kisiki chake kubaki kimeshika ardhi, nyumba ilijengwa kukizunguka, ukuta nyuma yake, mafiga mbele yake. Aliyekaa pale alipata moto kifuani na ukuta mgongoni, moshi ukampita juu, upepo wa mlangoni usimfikie. Nyumba moja, kisiki kimoja. Kisiki kimoja, makalio ya mtu mmoja. Wengine wote walikaa chini, magoti yakiungua na migongo ikiganda.

Siku ya moto wa kwanza wa kupikia katika nyumba mpya, mwenye nyumba alibandika chungu cha viazi na kumwita jumbe. Kabla viazi havijaiva, jumbe alimtaja mwenye kisiki. Akishatajwa, kisiki ni chake kipupwe chote, na hata mwenye nyumba akitaka kukikalia, sharti aombe. Kwa kawaida jumbe alimtaja mwenye nyumba, akala viazi, akaenda zake. Jumbe wa wakati huo, Mwakalobo, aliipenda sana kazi hiyo, na sababu ilikuwa viazi.

Basi, palikuwa na mwanamke mmoja mjane, Tulinagwe. Mumewe alipofariki alirudi kwa kaka yake, Ambilikile, na kwa kaka yake alimkuta wifi yake, Sekela.

"Wifi, karibu sana," Sekela alimwambia siku ya kwanza. "Wewe kaa pale mlangoni, utusaidie kumzuia mbwa asiingie."

Tulinagwe akakaa mlangoni. Mbwa alikuwa ameshaingia, amelala karibu na moto, na hakuna aliyemwondoa. Vipupwe saba Tulinagwe alikaa mlangoni, upepo ukimwingia mgongoni na kutokea mbele. Mwaka wa saba, mvua za mwezi wa tatu zikiwa bado zinanyesha, akasimama.

"Kaka, najenga."

"Unajenga nini?"

"Nyumba."

"Na nani?"

"Na mikono yangu."

Ambilikile alicheka mpaka akapaliwa na uji. Sekela hakucheka, aliuliza tu sasa wao watamtoa wapi mtu wa kukaa mlangoni.

Tulinagwe akatafuta kisiki akakipata, kipana, kimebonyea kidogo katikati, kana kwamba kuna mtu aliyekikalia zamani akakizoesha. Akakata mianzi, akaibeba. Akakata nyasi, akazibeba. Akachimba udongo, akaukanyaga kwa miguu yake mpaka ukalainika. Lakini nguzo ya katikati ilimshinda. Aliiinua upande huu ikaanguka upande ule, akaiinua upande ule ikamwangukia yeye. Na kipupwe kikapiga hatua moja.

Huko kwao mtu aliyetaka msaada alipika pombe ya ulezi, watu wakaja, wakafanya kazi, wakanywa. Tulinagwe hakuwa na ulezi. Aliulima, ndiyo, lakini ulikuwa ghalani kwa Sekela, na Sekela alikuwa na tabia ya kusahau mlango wa ghala uko wapi kila Tulinagwe alipouliza. Akaenda mikono mitupu kwa Mwasandube, bingwa wa nguzo na kuta, mtu mkubwa aliyepima kila kitu kwa mikono yake na hakuna kilichowahi kwenda upande.

"Kaka Mwasandube, nisimamishie nguzo na kuta."

"Utanipa nini, dada, nawe huna pombe?"

Tulinagwe akafikiri. Kila mwaka kipupwe kikikaribia, Mwasandube alishuka ziwani kwa binti yake, kwenye joto, na hakurudi mpaka jua limerudi. Mtu asiyekuwapo atakalia nini?

"Nitakupa kisiki."

Mwasandube akatikisa kichwa kwa mshangao, maana hakuna aliyewahi kuahidiwa kisiki cha mtu. Akaja, akachimba, akasimamisha, akafunga fito, akakandika udongo. Kuta zikasimama zimenyooka. Na kipupwe kikapiga hatua ya pili.

Tulinagwe akaenda kwa Lwitiko, mwezekaji, mwembamba, mwepesi, asiyetulia hata akila. Alikula akitembea, na mkewe alikuwa akimfuata na bakuli la mboga uwanjani.

"Lwitiko, mdogo wangu, niezekee paa."

"Utanipa nini, dada, nawe huna pombe?"

Tulinagwe akafikiri tena. Huyu hajawahi kukaa mahali tangu azaliwe. Mtu asiyekaa atakalia nini?

"Nitakupa kisiki."

Lwitiko akapanda, akaezeka, safu juu ya safu, nyasi zikalala zikabana hata mvua ikapiga kwa hasira ikaondoka. Lakini ukungu ulikuwa umeshashuka mlimani, na udongo ukagoma kukauka. Usiku uliteleza ukutani, asubuhi uliangukia sakafuni, mchana Tulinagwe aliurudisha. Na kipupwe kikapiga hatua ya tatu, kikawa kinachungulia dirishani, ingawa nyumba haikuwa na dirisha.

Akaenda kwa Bibi Syabumi, ajuza aliyejua moto wa kukaushia nyumba. Kazi hiyo si ya kuwasha tu. Moto mkali unapasua ukuta, moto hafifu unaulaza ukuta, na anayeulinda anakaa ndani ya moshi mpaka mwisho.

"Bibi, nikaushie nyumba."

"Utanipa nini, mjukuu wangu, nawe huna pombe?"

Tulinagwe akafikiri kwa mara ya tatu, na hapa msinitazame mimi, nami niliona haya niliposikia. Bibi Syabumi alikuwa akitangaza kila mwaka, kwa miaka kumi mfululizo, kwamba kipupwe kijacho hatakiona.

"Nitakupa kisiki, bibi."

Bibi akaja na kuni zake, akakaa siku tisa ndani ya moshi. Macho yakawa mekundu, kikohozi kikasikika mpaka ng'ambo ya mto, ila kuta zikakauka zikalia kama chungu ukizigonga. Akakaa wapi siku hizo tisa? Mnajua wenyewe. Alikaa juu ya kisiki, na siku ya kumi hakuinuka.

Siku hiyohiyo baridi ya kwanza ilishuka, majani yakawa meupe. Tulinagwe akabandika chungu cha viazi na kumwita jumbe, naye akaja. Roho yake ilikuwa na furaha ambayo hajawahi kuijua tangu afiwe. Kisha mlango ukafunguliwa.

Aliingia Mwasandube. Hakushuka ziwani. Alikuwa amegombana na mkwewe juu ya mtumbwi, akaapa hatakanyaga kule mpaka mkwe amfuate kumwomba radhi. Nyuma yake akaingia Lwitiko, akichechemea kwa fimbo. Alipokuwa akifunga safu ya mwisho ya paa lile aliteleza, kifundo cha mguu kikavimba, na kwa mara ya kwanza maishani mwake mganga alimwagiza akae. Na kwenye kisiki alikuwapo Bibi Syabumi, mzima kabisa, moshi umempa nguvu kuliko dawa.

Wote watatu wakasema kwa pamoja, "Kisiki changu."

Jumbe Mwakalobo akatazama chungu, akaona viazi vingali vigumu. Akaketi chini. "Haya, semeni mmoja mmoja, na msiseme sana."

Mwasandube akasema, "Jumbe, toa ukuta wangu, halafu nenda ukakalie hicho kisiki. Kisiki kisicho na ukuta ni cha kukojolea mbuzi. Niliahidiwa wa kwanza, na aliyeahidiwa kwanza ndiye mwenye haki."

Lwitiko akasema, "Jumbe, ukuta usio na paa ni zizi. Huyu ametoka kwenye kazi yake na miguu yake miwili. Mimi nimetoka na mmoja. Wao wanataka kukaa, mimi nimeamriwa kukaa."

Bibi Syabumi hakuinuka. "Kabla sijaja, hapa palikuwa na nini? Kisima chenye paa. Mnasema nilikaa tu. Kaeni ninyi siku tisa ndani ya moshi, kisha mje mniambie kukaa ni nini. Na mbona mnahangaika? Niko hapa kwa muda mfupi. Kipupwe kijacho sitakiona."

"Bibi, umeanza tena," akasema Lwitiko.

Jumbe akamgeukia mwenye nyumba. "Tulinagwe, binti yangu, kisiki kimoja uliwaahidije watu watatu?"

Tulinagwe akaeleza. Hakuficha. Akasema huyu nilidhani atakuwa ziwani, huyu nilidhani hatakaa.

"Na mimi?" akauliza Bibi Syabumi.

"Bibi, ulisema mwenyewe," Tulinagwe akajibu, na sauti ikamtoka ndogo.

Jumbe akainamia chungu ili asionekane anacheka. Alipoinua uso, mlango ulifunguka tena. Ni Sekela.

"Mnagawana kisiki bila mimi?" akasema. "Jumbe, niulizeni nani amejenga nyumba hii. Ningemkaribisha wifi yangu karibu na moto, angekata mwanzi hata mmoja? Angekuwa kwangu mpaka leo, ameota moto, amesinzia. Nilimweka mlangoni miaka saba. Baridi ya mlango wangu ndiyo iliyojenga nyumba hii, na mlango ule niliufungua mimi."

Waliokuwamo walifoka wakataka kumtoa nje, lakini jumbe aliinua mkono. Aliyefikiri vizuri aliona kwamba mwanamke yule hakuwa na haya hata chembe, na kwamba hakusema uongo.

"Nawe, Tulinagwe?" jumbe akauliza.

Tulinagwe alikuwa amesimama, kwa sababu wageni walipojaa, nafasi iliyobaki ilikuwa ya mlangoni, naye aliapa mbele ya mafiga yake mwenyewe kwamba hatakaa hapo tena.

"Jumbe, nimewadanganya, sikatai. Lakini kila mwanzi uliomo humu umepita begani kwangu. Kila unyasi. Huo udongo nimeukanyaga mimi, angalieni nyayo zangu zilivyopasuka. Sikujenga nipate kuitwa mwenye nyumba. Nilijenga niote moto. Sikutaka kitu kingine." Mara hii hakuna aliyecheka.

Mwasandube akakohoa. Alimwonea huruma, ilionekana. "Dada, mimi sina ubaya nawe. Ila neno la kisiki likivunjwa leo kwa sababu mwenye nyumba ameonewa huruma, mwakani mjane mwingine asiye na pombe akija kwangu na ahadi, nitaiaminije? Nitamwambia nenda kalale mlangoni kwa wifi yako."

Na hilo, jamani, ndilo lililomchoma jumbe, kwa sababu lilikuwa kweli.

Msiniambie wakae kwa zamu. Jumbe alishafikiri hivyo, akaambiwa kwamba anayetajwa ni mmoja, tangu babu wa babu yake. Msiniambie wakae wawili. Mwasandube peke yake alikuwa akizidi kisiki pande zote mbili. Msiniambie kisiki king'olewe kigawanywe, maana mizizi yake ndiyo iliyoshika ardhi ile, na kikitoka nyumba ya Tulinagwe inabaki nyumba ya mtu gani?

Chungu kikaanza kutoa povu. Jumbe akachukua kijiti akachoma kiazi cha juu. Nje laini, katikati kigumu kidogo, kidogo sana. Akainuka, akajipangusa magoti, akanyoosha kidole juu. Akamtazama Mwasandube aliyejenga ukuta. Akamtazama Lwitiko aliyeumia juu ya paa. Akamtazama Bibi Syabumi, ambaye alizidi kujikita. Akamtazama Sekela, akageuza macho haraka. Akamtazama Tulinagwe, mwongo, aliyepasuka miguu.

Hapo ndipo ninapowaachia ninyi. Mmekaa karibu na moto, mmeshiba, mnaweza kufikiri. Ila msichelewe, viazi vinaiva, kidole cha jumbe kingali hewani, na katika nyumba hiyo mpya mwenye nyumba bado amesimama.

Je, nani alistahili kukaa?