Kwa Nini Zimwi Hana Kwao

Mnauliza kwa nini zimwi hana jina. Kila binti wa hadithi ana jina na wazazi, kila mfalme ana mji wake, hata sungura na fisi wanajulikana kwa tabia zao. Lakini zimwi ni zimwi tu. Hana baba, hana ukoo, hana kijiji alikozaliwa. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Hapo kale hadithi hazikuwa na mazimwi. Mtu mbaya wa hadithi alikuwa mtu, na msimulizi alimtaja kama alivyotajwa kwao: fulani mwana wa fulani, wa ukoo fulani, aliyekaa kilima fulani. Aliyeyabadilisha hayo ni mwanamke mmoja wa milima ya Vungwe, jina lake Nakiete, naye hakuyabadilisha kwa kupenda.

Nakiete alilima maharage kama wenzake wote wa Vungwe ya Chini. Siku za mvua, shamba lisipoingilika, wanawake walikusanyika jikoni kwake kupukuchua mahindi, na yeye akawasimulia huku mikono ikifanya kazi. Alikuwa na kipaji hicho tangu usichana wake. Watu walisema ukimsikiliza Nakiete unaweza kumaliza gunia zima bila kujua.

Vungwe yote, ya Juu na ya Chini, iliishi kwa chemchemi moja. Maji yake yalikusanywa katika bwawa lililojengwa kwa mawe na udongo, na kila asubuhi mlinzi wa maji alichomoa kizibo, yakashuka kwa mfereji mpaka kwenye mashamba ya mwisho. Mlinzi wakati huo alikuwa Mashombo, wa ukoo wa Wambaga. Alikuwa mtu mpole. Alizungumza kwa sauti ya chini hivi kwamba ilibidi umsogelee ndipo umsikie, na ulipozungumza wewe aliinamisha kichwa upande wa kushoto, kama mtu asiyetaka neno lako hata moja limpotee. Mkewe alifariki mapema akamwachia mtoto mmoja wa kike, Namvumo, na watu wa Vungwe walizoea kumwona baba huyo asubuhi akienda bwawani na binti yake mabegani. Hakuoa mwingine. Alimlea mwenyewe, akamsuka nywele mwenyewe.

Kisha ukaja ukame. Mwaka wa kwanza watu walivumilia. Mwaka wa pili maji ya mfereji yalipungua yakawa uzi, kisha yakakatika kabisa kabla ya kufika Vungwe ya Chini. Mashombo alipita nyumba kwa nyumba. "Chemchemi inakauka, ndugu zangu," alisema. "Tuvumiliane." Watu wakachimba bondeni na kunywa maji ya tope waliyoyachuja kwa majani. Watoto wakaanza kuhara. Walikufa kumi na mmoja katika miezi minne, na kwenye kila msiba Mashombo alikuwapo, akichimba kaburi pamoja na wanaume wengine.

Wa kumi na mmoja alikuwa Kambike, binti wa Nakiete, mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno mawili ya mbele. Mashombo alikuja asubuhi ile na kibuyu.

"Nimejinyima, mwanangu," alimwambia Nakiete. "Nimeona mtoto asioshwe kwa tope." Akainamisha kichwa. "Pole. Pole sana."

Alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nakiete hakulisahau hilo maisha yake yote. Akapokea kibuyu, akaanza kumwosha mtoto wake, na mkono wake ulipoingia majini ukashtuka. Maji yale yalikuwa ya baridi. Yalikuwa maangavu, hayana harufu, na ndani yake mlielea jani bichi la mmea unaoota kando ya maji yanayokimbia, wala hauoti penginepo. Chemchemi inayokauka haitoi maji ya namna hiyo. Nakiete akamaliza kumwosha Kambike. Akamfunga, akamzika, akakaa na wageni wa msiba mpaka wa mwisho akaondoka. Ndipo akamwambia mumewe na kaka zake.

Walipanda mlima kwa nyuma. Chini ya bwawa, upande ambao hakuna aliyekuwa na sababu ya kwenda, wakaukuta mfereji wa pili, umefunikwa kwa nyasi na mikeka mikuukuu. Maji yalikuwa yanakimbia. Waliufuata mpaka kwenye shamba la migomba ya Mashombo, migomba minene, mikungu imeinama mpaka karibu na ardhi.

Wazee walimwita. Hakukana. Alisema Namvumo alikuwa ameposwa na watu wa Kwesiko, mwendo wa siku mbili, na yeye hakuwa na kitu cha kumfanyia arusi binti yake ila zile ndizi. Alianza kwa kuchepusha maji siku moja tu. Lakini migomba ikinyweshwa siku moja na kuachwa hufa, basi akaongeza siku nyingine, na nyingine. "Kila siku nilidhani mvua iko karibu," alisema kwa sauti ileile ya chini, na wazee waliokuwa wakimhukumu wakajikuta wamemsogelea ili wamsikie.

Walimfukuza milimani. Mwaka uliofuata wachungaji waliikuta mifupa yake nyikani. Namvumo alikuwa ameshaolewa Kwesiko, na habari za baba yake alizisikia huko, kutoka kwa watu wengine.

Mvua iliporudi na wanawake wakarudi jikoni kwa Nakiete, yeye alisimulia habari hizo. Mara ya kwanza alizisimulia kwa hasira. Mashombo wake alikuwa na macho mekundu, alicheka watoto wakifa, aliwachukia watu wa Chini tangu tumboni mwa mama yake. Wanawake walilia, kwa kuwa walikuwa na makaburi yao. Mara ya pili walisikiliza. Mara ya tatu mmoja wao alianza kumwuliza jirani yake habari za mbuzi. Haukupita muda mrefu, mlinzi mpya wa maji, mtu mcheshi aliyependwa na wote, akachelewa kufungua bwawa siku tatu mfululizo, na hakuna aliyepanda kwenda kuangalia.

Nakiete alikwenda peke yake. Alikuta kizibo kimekwama tu, hapakuwa na hila yoyote. Lakini njiani kurudi aliona kwamba watu walikuwa wakimngoja Mashombo mwenye macho mekundu, na mtu wa namna hiyo hangekuja kamwe. Aliyekuja alikuwa na kibuyu mkononi.

Basi akaisimulia upya, safari hii kama ilivyokuwa. Alisimulia sauti ya chini na kichwa kilichoinama. Alisimulia binti mabegani na nywele zilizosukwa kwa vidole vya mwanamume. Alisimulia machozi ya kweli, na maji ya baridi, na mtu asiyemchukia yeyote, aliyengoja mvua siku moja baada ya nyingine huku akichimba makaburi. Mikono ikaacha kupukuchua. Hakuna aliyelia, na hakuna aliyesahau. Tangu hapo watu wa Vungwe walipanda bwawani kwa zamu kuangalia kizibo, na watoto walipotaka kutishana walisemezana kwa sauti ya chini, "Pole, mwanangu. Pole sana."

Hadithi hiyo ilisafiri. Waoaji waliichukua, wauza chumvi waliichukua, wasimulizi wa milima mingine waliisikia mara moja wakaishika yote, kwa kuwa haikuwa na kipande cha kusahaulika. Nakiete alifurahi. Alisikia kwamba Mashombo wa Wambaga alikuwa akitajwa katika vijiji asivyovijua, na moyoni alijiambia kwamba Kambike hakufa bure.

Miaka saba baadaye ukame ukarudi. Vungwe hakufa hata mtoto mmoja. Lakini msimu ule ulipokwisha, mtu mmoja alifika uani kwa Nakiete akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alisema anaitwa Mhando na ametoka Kwesiko. Akapewa kigoda, akapewa uji. Uji hakuugusa.

"Mama," alisema, "nimeambiwa wewe ndiye mwenye hadithi ya Mashombo. Naomba unisimulie."

"Huko kwenu haijafika?"

"Imefika. Nataka kuisikia kwako."

Nakiete akasimulia. Alimsimulia vizuri, kama anavyosimuliwa mgeni aliyetembea siku mbili. Mhando alisikiliza mpaka mwisho, mikono yake juu ya magoti, asitikisike.

"Sikusikia uongo hata mmoja," alisema. "Mke wangu naye alisema hivyohivyo. Aliisikia sokoni, akarudi nyumbani akaniambia, ni kweli yote, alinisuka mwenyewe."

Hapo Nakiete akajua aliye mbele yake.

Mhando akaendelea, bila kuinua sauti. Kwesiko watoto walikufa katika ukame huo, kwa maji ya tope. Jirani yao mmoja alifiwa. Namvumo alikuwa na maji kidogo aliyoyakinga kwenye migomba asubuhi kwa asubuhi, umande tu, tone baada ya tone, maana alikuwa na mtoto mchanga. Akayamimina kwenye kibuyu, akampelekea mfiwa. Akainamisha kichwa, kama baba yake, kwa kuwa hakujua namna nyingine ya kumsikiliza mtu mwenye uchungu. Akasema pole.

"Mwanamke mmoja pale akapiga ukelele. Akasema, huyu ndiye binti aliyetajwa. Wakamtoa nje. Mimi nilikuwa bondeni nachimba. Nilipofika walikuwa wameshamtupa kwenye bwawa kavu, na mawe walikuwa wanaendelea kuyatupa juu yake. Hata mfiwa alitupa."

Kuku wa Nakiete walipita katikati yao, wakaenda zao.

"Kilichonileta ni swali moja," Mhando alisema. "Kwa nini ulimtaja binti? Angeweza kuwa mwizi wa maji bila binti."

"Ili wamwone kuwa ni mtu," Nakiete alisema.

"Walimwona," Mhando alisema. Akasimama, akashukuru kwa uji ambao hakuunywa, akaondoka. Hakurudi tena Vungwe.

Tangu siku hiyo Nakiete aliacha kusimulia. Wanawake walikuja na mahindi yao, wakapukuchua kimya, kisha wakaanza kwenda kwa wengine. Alitaka kuiua hadithi ile. Aliwaambia wasimulizi wenzake waiache, nao walimjibu kwa adabu kwamba haiachiki. Na yeye mwenyewe, alipofikiri watu wakiisahau, aliona makaburi kumi na moja, na mtu mwingine mpole akipita nyumba kwa nyumba. Alipofikiri watu wakiikumbuka, alimwona Namvumo ndani ya bwawa. Alizeeka haraka katika mwaka huo. Mumewe alimsikia akizungumza peke yake shambani, akijaribu neno hili na lile, kama mtu anayejaribu funguo kwenye mlango.

Mwaka uliofuata, siku ya mvua kubwa, aliwaita wanawake wote na watoto wao, akawasimulia habari za jitu moja. Hakulipa jina. Hakulipa ukoo, wala kilima. Alilipa manyoya mwilini, mkia uliofichwa chini ya nguo, na mdomo wa pili kisogoni, ili pasipatikane duniani mtoto wa mtu anayefanana nalo. Akaliita zimwi. Yule binti wa mabegani alimwondoa katika hadithi. Nywele zilizosukwa aliziondoa, na hilo lilimuuma kuliko yote, kwa sababu alijua ndilo lililokuwa kweli zaidi. Lakini sauti ya chini hakuiondoa, wala machozi. Zimwi lake lilipiga hodi kwa upole, likawaita watoto "wanangu", likaja na zawadi mkononi siku ya msiba.

Alipofika katikati, msichana mmoja mdogo akauliza, "Bibi, zimwi ni mtoto wa nani?"

Wanawake waliokuwa wakiijua hadithi ya zamani waliinua macho. Mmoja wao akaanza, "Si huyu ni yule wa Wam—" na Nakiete akamtazama mpaka akanyamaza.

"Hana kwao," Nakiete akamjibu mtoto, akaendelea.

Wasimulizi wa milima mingine walikuja wakaichukua na hiyo, kwa kuwa watoto waliipenda kuliko ile ya kwanza. Katika kizazi kimoja jina la Mashombo lilipotea, na la Namvumo pia. Watu wa Wambaga, waliokuwa wakikwepwa kwa sababu ya jina hilo, wakaanza tena kuoa na kuolewa. Nakiete aliishi mpaka akayaona hayo. Wengine wanasema alifurahi, wengine wanasema hakuwahi kusimulia zimwi bila kutazama kwanza njia ya Kwesiko.

Na tangu siku hiyo zimwi hana baba wala kijiji. Ndiyo maana ana mkia na manyoya, na ndiyo maana, ingawa anatisha hivyo, sauti yake katika kila hadithi ni ya upole na watoto humfungulia mlango. Na ndiyo maana msimulizi wa kwetu, msikilizaji akisema zimwi huyu ni kama fulani wa kule bondeni, hukatiza hadithi palepale, akasimama, akaenda zake, hata kama watoto wanalia kutaka kujua mwisho.