Pimbi na Ghala Lililosema Ngoja

Jamani, mko macho?
Tuko macho!
Nilete chungu au tamu?
Lete yoyote, tutameza!

Basi mezeni. Ilikuwa Alhamisi, tarehe tisa Novemba, saa nne na nusu asubuhi, dunia ya Pimbi ilipogeuka. Pimbi, kanyama ka majabalini, alikuwa fundi wa kompyuta katika zahanati ya wanyama. Siku hiyo mama yake alikuwa kitandani, homa imempanda. Kompyuta ya zahanati ikatuma ombi kwa kompyuta ya ghala la dawa: "Naomba dawa ya homa." Ghala likajibu: "Ngoja." Kompyuta ikangoja. Ikaomba tena. "Ngoja." Ikangoja. Mama akakata roho, na kiooni bado pameandikwa: Ngoja.

Mtunza ghala alikuwa Kiboko, tumbo kama kichuguu. Alikuja matangani, akala sahani nne za wali, akafuta mdomo.

"Pole, kijana. Ghala langu ni zima. Kosa ni la programu zenu za bure. Nunueni yangu. Magunia ishirini ya maboga tu!"

Pimbi hakulia. Hasira ilikuwa imemkausha machozi. Hata sala aliisali ameuma meno.

Akazitafuta maktaba mbili za kuombea dawa ghalani. Maktaba hizo ni programu walizoandika wengine wakaziacha wazi, kila mtu azichukue, azisome, azirekebishe. Moja iliandikwa na Swala, ya pili na Kobe. Ipi ingeokoa wagonjwa waliobaki? Hakuthubutu kujaribu kwa roho za watu. Akatengeneza ghala la kuigiza ndani ya kompyuta yake, akaliomba dawa kwa maktaba zote mbili.

Ya Swala: tka! Ghala likajibu, "Chukua." Ya Kobe: tka... tka... "Chukua."

"Umeona?" Swala, aliyekuja kutazama pamoja na Kobe, akaruka. "Yangu ni upepo! Ya mzee huyu inatembea na gamba!"

Kobe akacheka polepole. "Mjukuu wangu Pimbi, ghala lako limeigiza malaika. Kiboko ana mabawa?"

Maneno yakamchoma Pimbi. Alikuwa ameigiza ghala jema, na ghala jema halikumuua mama yake. Basi akaiunganisha maktaba ya Kobe na ghala la kweli kwa siku tatu. Ikiambiwa ngoja, inauliza mara tatu, kisha inapiga kelele, kisha inaandika kila jibu na saa yake. Majibu hayo hayo Pimbi akayatia katika ghala la kuigiza. Ngoja. Hakuna. Kimya, jii!

Maktaba ya Swala ikaomba, ikaganda, puu! Ya Kobe ikauliza mara tatu, ikapiga kelele, ikasimama.

Siku wanyama walipokutana kuamua kama wanunue programu ya Kiboko, Pimbi akainama mbele yake. "Bwana Mkubwa, tuonyeshe programu yako. Ghala hili la majaribio limetushinda."

"Sogea, kidudu!" Kiboko akabonyeza. Ghala likajibu: "Ngoja." Akabonyeza. "Ngoja." Akabonyeza. Kimya, jii! Jasho likamtoka.

"Ghala gani hili la kishenzi?" akanguruma. "Mgonjwa atakufa hapa! Mwenye ghala hili ni muuaji! Anyang'anywe funguo leo hii!"

"Mmesikia?" Pimbi akauliza.

"Tumesikia!" wanyama wakajibu.

"Kila jibu hapa limetoka ghalani kwako, Bwana Mkubwa. Siku na saa zimeandikwa. Lete funguo."

Kiboko akazificha funguo kwapani. Wakamnyang'anya funguo, wakafungua ghala. Maboksi ya dawa ya homa yamejaa hadi darini, na kati yake shimo pana, mahali pa kulalia Kiboko. Jioni ile wagonjwa tisa wakanywa dawa. Pimbi akashika boksi moja mkononi, hakuwa na wa kumpelekea.

Hadithi yangu imefika, mwenye sikio aifungie mlango.

Na funzo lake, watoto, ni hili: msiwaigize wakubwa, ni utovu wa adabu. Mkubwa akikwambia ngoja, ngoja. Kama mama yake Pimbi alivyongoja.

Ee Mwenyezi Mungu, mpokee mama yule, na wote walioambiwa ngoja hadi pumzi ikawaishia. Mlangoni kwako wasingojeshwe. Amina.