Mwenge wa Bi Jamna

Hapo zamani, na nyinyi huko nyuma acheni kunong'ona, huko Bara Hindi chini ya milima yenye theluji, alikuwako mjane mfumaji, Bi Jamna. Kila alfajiri aliimba neno moja la Kisanskriti, lugha ya kale ya sala zao: Vaikuntha. Alijua ni jina la mahali pa juu kuliko pote. Maana yake hakuijua.

Akaugua. Alipoona siku zake zimekwisha akashikwa na hofu. "Nimeliimba miaka sabini, wanangu, na naogopa kwenda nisikokujua. Atakayenipa maana yake, huyo ndiye atakayewasha kuni zangu."

Jamani! Kwao maiti huchomwa, na mwenge hushikwa na mtoto wa kiume. Mama kaivunja desturi kwa kinywa chake!

Keshav, mwanawe wa kiume wa pekee, akavuka mlima siku saba kumfuata mwalimu. Akarudi vidole vya miguu vimekufa kwa baridi. "Mama, maana yake ni mahali pasipo wasiwasi."

Bi Jamna akalia. "Pasipo wasiwasi? Huko sijafika hata siku moja. Nitapatambuaje? Na huyu Vasanti wangu, na mguu wake huu, nikifa atatunzwa na nani?"

Vasanti, bintiye kiwete, akamsogelea. Akamfunga mama mgongoni kwa mbeleko kama mtoto, akapanda kilima. Akaanguka, akainuka. Akaanguka tena, akainuka tena. Walipofika kileleni jua likachomoza, theluji yote ikawaka, nao wakasahau hata kupumua.

Rukma, mke wa Keshav, alikuwa amewafuata. Huyo na Vasanti, miaka kumi hawasalimiani! Akapiga magoti. "Mama, wifi yangu atakula sahani moja na mimi hadi nife. Naapa mbele ya jua hili."

Bi Jamna akamtazama huyu, akamtazama yule, akaitazama theluji. "Aa," akasema, "kumbe ndipo hapa." Akafumba macho.

Kuni zikapangwa. Keshav akasema, "Maana nimeileta mimi, na vidole nimeviacha mlimani."

Vasanti akasema, "Wewe umeleta maana. Aliyemfikisha ni mimi, kwa mguu huu huu."

Rukma akasema huku analia, "Hata kule juu alikuwa bado na wasiwasi. Aliyeuondoa ni nani?"

Mwenge ni mmoja, na umeshawashwa. Mimi wallahi nimeshindwa. Haya, semeni nyinyi: je, nani alistahili kuushika?