Bwana Aliyefuga Anemoni Sebuleni

Wapendwa, alikuwepo bwana mmoja, mtu mwema, tena mwenye upendo. Hilo naomba mlishike tangu sasa, msije mkamhukumu mapema.

Sebuleni kwake alikuwa na tangi kubwa la kioo, la maji ya chumvi. Humo aliweka mawe ya matumbawe, samaki wawili wa rangi ya chungwa, na kiumbe mmoja wa ajabu aitwaye anemoni. Ukimwona utadhani ni ua. Kumbe ni mnyama: ana mguu mmoja laini wa kung'ang'ania jiwe, mdomo uko katikati, na vidole vingi vinapepea majini. Bwana alimpenda kupita kiasi. Alimweka kwenye jiwe la katikati kabisa, ili mgeni akiingia tu, amwone.

Mwaka huohuo akamleta mama yake mzazi kutoka Lushoto. Bibi wa watu alikuwa amefiwa na mumewe, amebaki peke yake. Mwana akamwambia, "Mama, umetulea kwa shida. Sasa ni zamu yako kutunzwa." Akamnunulia kochi laini la peke yake, akaliweka sebuleni, mbele ya televisheni, chini ya feni.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza kumchanganya.

Anemoni alianza kunywea. Bwana akimpa kipande cha samaki, anakimeza, halafu baadaye anakitema kikiwa kimezungukwa na ute. Bwana akafikiri, huyu ana njaa. Akaongeza chakula. Kikatemwa tena. Na si hilo tu: akirudi kazini anakuta mnyama hayupo alipomwacha. Ametambaa, amejibana kwenye kona ya juu, kule nyuma. Bwana anaingiza mkono, anambandua, anamrudisha katikati. Kesho yake, kona ileile.

Mama naye akawa anakonda. Akipikiwa kuku, anadonoa kidogo tu. "Nimeshiba, baba." Akiletewa supu, "Nitainywa baadaye." Na bwana akirudi kazini, kochi tupu! Mama yuko uani, mlango wa jikoni, amekalia ndoo iliyopinduliwa, juani, anachambua mchele na dada wa kazi huku akisalimiana na majirani wanaopita uchochoroni.

"Mama, huku ni kwa kufulia nguo. Watu watasema nini? Twende ndani ukapumzike."

"Nimepumzika mpaka nimechoka, baba."

Mwana akacheka, akidhani ni utani. Akamshika mkono, akamrudisha kwenye kochi.

Akampeleka hospitali. Presha nzuri, sukari nzuri, ugonjwa hauonekani. Bwana akarudi nyumbani kichwa kinamzunguka. Akasimama pale sebuleni, huku tangi, huku kochi, asijue amwangalie nani kwanza. Akajiuliza: Nimekosea wapi? Chakula kipo. Maji nabadilisha. Dawa nimenunua. Mbona wote wawili wananisinyalia mikononi? Hebu ninyi mnaonisikiliza, mngemjibu nini?

Mwisho akampigia simu rafiki yake mmoja ambaye naye hufuga viumbe hao.

"Anemoni wangu anakufa, na sijui kwa nini."

"Unamlisha mara ngapi?"

"Kila siku. Wakati mwingine asubuhi na jioni."

"Mungu wangu, punguza! Kipande kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Huyo anaishi kwa mwanga pia. Je, anahamahama?"

"Sana! Kila siku namrudisha."

Rafiki akaguna. "Usimrudishe. Anatafuta mahali penye mwanga na maji yanayotembea. Ukimbandua unamchana mguu. Mwache. Akipata mahali pake atatulia mwenyewe, na chakula atakipokea."

Bwana akatii, ingawa ilimuuma, maana kule konani wageni wasingemwona vizuri. Siku zikapita. Mnyama akashika jiwe lake, akafunguka. Akafunguka, wapendwa! Vidole vikajaa, vikapepea. Akapewa kijipande cha samaki, akakila, na hakukitema.

Bwana furaha ikamjaa. Akakimbia uani, akamkuta mama yake, akamvuta mkono. "Mama, njoo uone!"

Mama akasimama mbele ya tangi, akatazama kwa muda.

"Kweli kapona. Umempa dawa gani?"

"Hakuna dawa, Mama. Mimi nilikuwa namrudisha ninapotaka mimi. Nikaambiwa nimwache akae anapopata mwanga. Basi."

Mama akamgeukia. "Na mimi, baba?"

Bwana akakunja uso. Akamtazama mama yake, akatazama tangi, akamtazama tena mama yake. Hakuelewa. "Na wewe nini, Mama?"

Mwana akamshika kwa upole, akamkalisha kwenye kochi, akamwekea mto mgongoni, akamwuliza leo angependa kuku au samaki.

Kabla ya Krismasi, mama aliomba arudishwe Lushoto. Mwana akampeleka, njia nzima akijifuta machozi. Na mpaka leo anawauliza watu, "Jamani, nilimnyima nini?"

Naona wengine mnatikisa vichwa. Msimcheke. Huyo bwana ni sisi.

Ni sisi tunaosema, "Nimemwekea kila kitu." Tumewaweka wazee wetu mahali panapotupendeza sisi, ili watu waseme tunawatunza. Mzee akisogea, tunamrudisha. Akikataa chakula, tunampakulia kingine. Kisha tunashangaa anakonda! Amri imesema tuwaheshimu baba na mama. Unamheshimuje mtu ambaye akikwambia amechoka, wewe unacheka? Nasi hatuna hata udhuru aliokuwa nao yule bwana kwa anemoni wake, kwamba hana ulimi. Mama anao ulimi. Amesema. Amesema mara ngapi?

Wengine mmekuja na wazee wenu leo, wamekaa hapo kando yenu, na hata hicho kiti mmewachagulia ninyi. Kabla sijasema Amina, mgeukie mzee wako. Mwulize, "Unapenda ukae wapi?"

Na akikujibu "uani," ndugu yangu, usimbishie.