Zimwi la Magugu na Shuka la Majani

Hadithi inabisha hodi. Mkisema karibu, inaingia.

Zimwi lilimwambia Mwanasiti, mkulima wa mchicha: "Siku magugu yatakapoufunika mchicha wako, mwanao ni wangu."

Mwanasiti akalima, yakaota. Akapalilia, yakaota. Akang'oa kwa vidole, yakaota, maana kila asubuhi Zimwi lilipita likiimba, "Mbegu zangu, amkeni, jua limewaka!"

Adhuhuri moja, mikono imemchubuka, akamtazama mwanawe. Jua la utosini, na mtoto amelala fofofo, kisa kanga imemfunika gubigubi. Mwanasiti akaruka. Akazoa majani makavu ya mgomba, akayatandaza katikati ya mashina ya mchicha mpaka udongo usionekane.

Kulipokucha, Zimwi likaimba. Kimya. Likaimba tena. Kimya. Mara ya tatu likanguruma hata kuku wakatawanyika, na visauti vikajibu kutoka chini:

"Bwana, mbona watuamsha? Huku bado usiku."

Zimwi likaduwaa. "Kumbe nimeamka mapema mno." Likajipenyeza chini ya majani, likakoroma.

Limelala mpaka leo. Nanyi mkipita bustanini kwa Mwanasiti, chumeni mchicha, lakini shuka msilifunue.